Mkalimani Asiye na Posho

Juni 2018 Serikali ya Kenya ilileta madaktari 100 kutoka Kuba, wagawanywe kaunti zote 47, Migori na Homa Bay zikiwemo. Madaktari wazuri, hatukatai. Ila daktari anaota kwa Kihispania, nyanya wa Rongo anaumwa kwa Kijaluo, na mzee wa Kehancha ana Kikuria chake. Katikati yupo muuguzi, sindano mkononi, akigeuza kichomi kiwe Kiingereza na Kiingereza kiwe ishara za vidole. Kozi ya Kihispania nani alimpangia? Posho ya ukalimani je? Asahau! Tiketi za Havana walikatiwa madaktari wetu 50, wakasome huko. Mwaka 2023 mkataba haukuongezwa, Wakuba wakaenda zao. Muuguzi bado yuko wodini, hata ahsante hajaambiwa, si kwa Kihispania wala kwa Kiswahili.