Jinsi ya Kubadili Kifyatulio cha Glock Mara ya Kwanza Bila Kuaibika

Ndugu yangu uliyeko Marekani, umeshanunua kifyatulio kipya, kile chekundu kinachong'aa, na unataka wenzako wa uwanja wa shabaha wakione. Ni haki yako. Sogea nikupe njia za mkato.

1. Hatua hii haina mkato. Chomoa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi. Ukianza na slaidi, itapakia risasi nyingine chemba huku wewe ukidhani umemaliza. Itazame chemba, kisha ipapase kwa kidole. Risasi zote zihamie chumba kingine. Nakusisitizia kwa sababu slaidi ya Glock haitoki mpaka ubonyeze kifyatulio. Aliyesahau risasi moja ndani hutoboa meza, au mguu wake mwenyewe.

2. Slaidi ikishatoka, sasa anza kuibia. Piga picha kwa simu kila pini inapotoka. Anayetegemea kumbukumbu anatafuta sifa. Wewe unatafuta bastola inayofanya kazi, na picha hizo hakuna atakayeziona.

3. Jeshi la Austria liliichukua Glock 17 mwaka 1982, na tangu mwanzo ilikuwa silaha ya vipande vichache. Kizazi cha tatu kina pini tatu tu. Zisukume kwa chuma chembamba butu. Pini ya kifyatulio ikigoma, weka nyundo chini: chezesha komeo la slaidi huku unasukuma, itateleza.

4. Wengi hukwama wakati wa kurudisha. Pini ya juu itangulie, na springi ya komeo ipite chini yake. Springi ya kifyatulio ikae kama herufi S. Ukiiona Z, umeigeuza.

5. Usipige tupa chochote ili kiwe chepesi. Kifyatulio cha kiwandani huhitaji nguvu ya kilo mbili na nusu hivi, na inatosha. Jirani akijisifu kwamba chake ni cha kilo moja, mwache ashinde. Ukisharudisha slaidi, hakikisha bastola bado tupu, kisha bonyeza pembeni mwa kifyatulio bila kugusa kile kiulimi cha katikati: kifyatulio kisirudi nyuma. Halafu kibonyeze sawasawa, kishikilie, vuta slaidi na uiachie, kisha legeza kidole taratibu mpaka usikie "tik".

6. Hukuisikia? Shindwa kwa heshima. Rudisha kifyatulio cha zamani, maana hukukitupa, tia kile chekundu mfukoni, uende kwa fundi wa silaha. Mwambie, "Fundi, nisaidie kukagua kazi yangu." Yeye atakifunga, wewe simama pembeni uangalie mikono yake. Wenzako uwanjani wakiuliza nani alikifunga, waambie mlikuwa wawili.