Barua ya Wazi kwa Ofisi Husika, Popote Ilipo

Yah: Kuomba kibali cha kukimbiza magari mita 402

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Nakivale, makazi ya wakimbizi huku Uganda. Nakuita Ofisi Husika kwa sababu ndilo jina pekee nililopewa. Tangu klabu yetu ya magari ianze kutafuta kibali cha usiku mmoja wa mashindano, nimebisha hodi milango mingi, huku makazini, wilayani na Mbarara mjini, na kila mlango umenijibu kwa adabu kwamba nikaione ofisi husika. Nimeitafuta. Askari wa getini haijui. Mama muuza chai, anayejua ofisi zote pamoja na madeni yao, naye haijui. Basi nimeona nikuandikie hadharani, huenda ukajitambua.

Ombi letu ni dogo. Magari mawili yasimame sambamba kwenye lami iliyonyooka. Taa za njano ziwake, kisha ya kijani. Yakimbie mita 402, yaani robo maili, halafu yasimame. Mbele yake kibaki kipande kingine kirefu cha kupunguzia mwendo. Hakuna kona, hakuna anayetoka upande wa pili, hakuna abiria. Dereva amevaa helmeti na kufunga mkanda; pembeni pana ambulensi, mitungi ya kuzimia moto na kamba ya kuwazuia watazamaji. Kwa Subaru ambayo injini yake imefanyiwa ufundi, shughuli nzima ni sekunde kumi na nne hivi. Kwa Premio ya fundi wetu wa Base Camp, hapahapa makazini, ni kumi na tisa, ikiwa mkewe ameshatoa gunia la mahindi kwenye buti.

Nimeambiwa jambo hili ni la hatari. Nakubali. Ndiyo maana nashangaa kuona kwamba mashindano yapo tayari, hufanyika kila siku, na hayamsumbui mtu. Alfajiri magari ya abiria hutoka Base Camp kushindana kwenda Mbarara, vumbi kwanza, kisha lami ya barabara ya Kikagati. Gari la watu watano limebeba tisa. Dereva amekalia nusu ya kiti chake, nusu nyingine ameiuza. Mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba. Zawadi ya mshindi ni abiria wawili waliosimama mbele wakipunga mkono, na ili kuwawahi, mtu atapita lori la matoke kwenye kona, huku ng'ombe wa Ankole akivuka na pembe ambazo zenyewe tu zingestahili njia yake. Mimi hushindana humo kila wiki, nikiwa nimekumbatia begi langu na mtoto wa mtu nisiyemjua. Hakuna aliyewahi kuniomba barua ya mpango wa usalama.

Sisi tumeombwa. Tumepeleka barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, ramani, orodha ya madereva na barua ya kuthibitisha kwamba barua ya kwanza ni ya kweli. Dirisha moja liliturudishia bahasha kwa kosa la kuandikwa Kiswahili. Nilikumbusha kwa upole kwamba Katiba ya nchi hii, tangu marekebisho ya 2005, inakitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na kwamba Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kifundishwe shuleni. Nikajibiwa kwamba habari hizo zikaulizwe ofisi husika. Kwa hiyo unadaiwa na hilo pia.

Ofisa mwingine alinitazama kwa huruma. "Mkimbizi na mbio za magari, wapi na wapi?" Nikamwambia, mzee wangu, jina lenyewe limetoka kwenye kukimbia. Hakucheka. Nikaongeza kwamba nusu ya wanachama ni mafundi wa gereji za Mbarara, wenyeji kabisa, ambao hawajakimbia chochote isipokuwa wenye magari wanaodai yamalizike. Hilo nalo liliandikwa kwenye faili.

Wala siamini kwamba mnachukia mwendo. Mbarara imekuwa mwenyeji wa mashindano ya taifa ya rali mara nyingi. Magari yanapasua kati ya migomba, watu wamejipanga kwenye kona wakila vumbi kwa furaha. Nchi hii ilitoa bingwa wa Afrika wa rali, Charles Muhangi, mwaka 1999. Na serikali ikitaka, inajua kwenda mbio hata kusimama ghafla: Juni 2025 mfumo wa faini za kamera ulianza kuwakamata wenye magari, watu wakapiga kelele, ukasimamishwa mwezi huohuo. Breki za namna hiyo hata Subaru yetu haina.

Niruhusu nikueleze kanuni moja ya mchezo huu, maana inaweza kukufaa kazini. Kwetu si lazima mwenye pesa ashinde. Kila dereva huandika kwenye kioo cha gari lake muda atakaotumia. Mwenye gari la polepole huondoka kwanza, mwenye gari la kasi akangoja tofauti ya sekunde zao. Wa kwanza kufika ndiye mshindi. Lakini ukienda upesi kuliko ulivyoandika, umetolewa, kwa sababu uliidanganya saa. Hivyo Premio ya mahindi inaweza kuiaibisha Subaru. Nimewaza kanuni hii ihamie kwenye madirisha yenu: kila mtu wa masjala aandike kwenye kioo siku atakazotumia. Mimi niliambiwa nirudi wiki ijayo, mvua za masika zikiwa ndiyo zinaanza. Sasa tumevuna mahindi. Kwa kosa lile la kwenda upesi kuliko ahadi, naapa hakuna hata mmoja wenu atakayetolewa.

Wengine walishapita hapa tulipo. California, mwaka 1951, Wally Parks alianzisha NHRA, chama cha mbio za namna hii, ili vijana waache kukimbizana mitaani usiku. Mwaka 1953 kikafanya mashindano yake rasmi ya kwanza Pomona, na polisi wa mji huo waliunga mkono. Walipiga hesabu ambayo hata mama wa chai angeipiga: vijana watakimbia tu, afadhali wakimbie mahali wanapoonekana. Huku kwetu vijana wenye pikipiki na magari ya kuazima wanapimana ubavu barabarani kila mwisho wa wiki, bila taa ya kijani wala kamba, na anayetafutwa na ofisi ni yule aliyeomba ruhusa.

Sitaki nikuchoshe. Nakuomba jambo moja kabla hujaandika "imekataliwa" pembeni mwa barua hii. Njoo Base Camp saa kumi na moja alfajiri, siku yoyote, upande gari la Mbarara. Nauli tutalipa sisi. Tutakuwekea kiti cha mbele, kile cha nusu. Ukifika salama, kalamu ya kusaini kibali tutakuwa nayo pale stendi.

Wako mtiifu,
Katibu wa klabu isiyo na kibali,
Nakivale.