Diski Juu ya Mishikaki

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, Coco Beach ikiwa imefurika Dar es Salaam nzima, diski yangu ilitua kwenye jiko la mkaa, juu ya mishikaki. Na niliirusha mbele. Mliokuwepo wote mliona niliirusha mbele. Ilitoka mkononi ikielekea kwa dada aliyekuwa ananisubiri, ikapanda, ikasita hewani, halafu ikageuza, ikanipita kichwani na kwenda kukaa kwenye riziki ya mtu nyuma yangu. Jamaa aliyekuwa ananikaba hakunyanyua hata kidole. Alisogea pembeni kuipisha.

"Anti," muuza mishikaki akaniita, kwa upole wa mtu anayejua atalipwa, "njoo uchukue sahani yako, inaungua."

Diski ya altimeti, mchezo tuliokuwa tunacheza, ni plastiki ya gramu 175, upana wake sentimita 27 hivi. Iache juu ya mkaa uliokolea kwa muda ule ambao timu mbili zinahitaji kumaliza kucheka, utakuta ukingo umelegea na kuning'inia upande mmoja, vijiti vya mishikaki vimeganda kwenye plastiki, na nyama ina harufu ambayo hata ile pilipili ya pale haiwezi kuificha.

Mpira wa miguu ungenistahi. Refa angepuliza filimbi, ukarushwa, aibu ikafunikwa na mchezo. Altimeti haina refa. Vijana wa sekondari moja ya Maplewood, New Jersey, waliouanzisha mwaka 1968, walituachia mchezo ambao wachezaji wanajiamulia wenyewe, na ndivyo unavyochezwa mpaka leo hata kwenye mashindano ya dunia: aliyechezewa faulo anaita mwenyewe, anayetuhumiwa anakubali au anakana, wakishindwana diski inarudi kwa aliyeirusha na mnaanza upya. Hiyo ndiyo inaitwa roho ya mchezo. Kwa hiyo tulisimama mchangani, watu wazima na akili zetu, tukajadili. Diski imetoka nje? Imetoka, hakuna mbishi. Ni ya wenzetu? Ni yao. Sasa ianzie wapi? Kaka mmoja mwenye sheria zote kwenye simu akaanza kutusomea kuhusu mahali diski ilipovuka mstari. Mwingine akasema ilivuka juu kwa juu, tena kwa mshazari. Mstari wenyewe ulikuwa umechorwa kwa kisigino na watoto walishaukanyaga. Muuza mishikaki alikuwa amesogea, koleo mkononi, anafuatilia kila hoja, anatikisa kichwa panapostahili. Mwishowe akaomba nafasi.

"Mimi naona ianzie hapa kwangu," alisema. "Hapa ndipo penye hasara."

Hakuna aliyekana. Nililipia jiko zima, pamoja na vijiti ambavyo diski haikuvigusa, maana alisema vimeingiwa na moshi.

Usiku sikulala kwa kuwaza upepo. Tulikuwa kwenye kusi, na mimi nilirusha kuelekea ulikokuwa unatoka, nikadhani kama mtu yeyote mwenye akili kwamba upepo wa mbele utaizuia diski, itafika imechoka. Ndivyo ungefanya mpira. Diski ni ubawa. Inaelea kwa sababu hewa inapita juu na chini yake, na upepo wa mbele unaiongezea hewa hiyo, kwa hiyo badala ya kuzuiwa inanyanyuliwa. Ukiwa umeinua pua yake kidogo tu, upepo unaingia chini ya tumbo, inapanda, mwendo unakwisha, na hapo inakuwa mali ya upepo. Ukirusha na upepo nyuma yako ndiyo kabisa: hewa inayopita ni haba, diski inadondoka mapema miguuni pa mtu aliyekimbia kwa imani.

Kinachoituliza ni mzunguko. Pia ya mtoto husimama kwa ncha wakati wote inapozunguka, ikipunguza tu inaanza kulewa. Diski nayo ni hivyo hivyo, na mzunguko hautoki begani, unatoka kwenye kifundo cha mkono. Hapo ndipo fliki inapowatesa watu. Unaweka vidole viwili ndani ya ukingo, dole gumba juu, kiganja kinatazama mbinguni, kiwiko karibu na mbavu, halafu unakata kifundo kwa ghafla bila kurusha mkono mzima. Mwili unakataa. Mwili unataka kutumia bega, na bega likiingia tu diski inatoka na nguvu nyingi na mzunguko kiduchu. Ukishaelewa hilo unaanza kuona mambo: kwamba kwa mtu wa mkono wa kulia, fliki ikichoka huangukia kulia, na ile ya kurusha kwa mgongo wa mkono huangukia kushoto, kwa sababu zinazunguka kinyume. Kwamba ile mistari ya duara juu ya diski si urembo. Aliiweka Mmarekani Ed Headrick miaka ya 1960 ili diski itulie hewani, na alipofariki mwaka 2002 majivu yake, kwa kutaka kwake mwenyewe, yalichanganywa kwenye plastiki zikatengenezwa diski. Hata mimi nitakayezikwa kwa sanda namwelewa.

Mengine yaliyonipata ni madogo. Nimepasuka mdomo, na ofisini wakamtazama vibaya mume wangu alipokuja kunichukua. Nimedakia diski baharini na simu ikiwa mfukoni. Nimemkumbatia kwa furaha mchezaji wa timu pinzani.

Ila kuna hili, na hili silicheki. Ufukweni mnacheza watano kila upande, na kwetu ni mchanganyiko, wanaume watatu na wanawake wawili. Namtoroka anayenikaba, naingia kwenye ukanda wa goli, niko peke yangu, mkono juu, naita. Kaka mwenye diski ananiona. Macho yake yanafika kwangu, yanatua, yanaondoka. Mkabaji wake anahesabu, maana sekunde za kukaa na diski ni chache: saba, nane. Anamrushia rafiki yake aliyebanwa na watu wawili. Diski inaanguka, na watu wanapiga makofi: "Sawa, wazo zuri!" Mimi nikidondosha moja, wazo langu linajadiliwa mpaka magharibi.

Baada ya kila mechi timu zote mbili zinakaa duara na kusema yaliyo moyoni. Nililisema huko. Walitikisa vichwa, wakasema ni hoja nzito, wakanishukuru kwa roho ya mchezo. Huu ni mchezo ambao mtu anasimamisha kila kitu kwa sababu kaguswa kiwiko, wenye kitabu kizima cha sheria, na hakuna faulo ninayoweza kuita kwa mtu aliyeniona akanipita. Sheria inataka wanawake wawili wawe uwanjani. Diski kuwafikia, hilo limeachiwa hisani.

Jumamosi ile ile, wametoa diski ya akiba, nikaipata tena mkononi. Upepo ulikuwa ubavuni, mzuri. Yule kaka aliyeniona akanipita alikata kona safi, akamwacha mkabaji wake mbali, yuko peke yake kwenye ukanda, mkono juu, anaita jina langu. Sikujua kama analijua. Tano, sita, saba. Nilimtazama vizuri, asije akasema sikumwona. Nane. Nikampa dada aliyesimama mita mbili kushoto kwangu.