Sifa za Draivu Z

Watu wa Chwaka wana mengi ya kujivunia: kaa wa mikokoni, diko lao la samaki, mwani unaoanikwa mbele ya nyumba. Mimi naomba tuongeze diski ya mtandao ya skuli moja ya huku, ile inayoonekana kwenye kompyuta kwa herufi Z na ambayo vijana wa darasa la usanifu hawaitaji bila kusonya. Wanaidhulumu. Pale skuli hapana mlezi mwingine kama huyo.

Kwanza, inafunza subira. Msichana anachora kanga: pindo, mji, jina. Kanga ya sentimita 150 kwa 110, ikichorwa kwa nukta 300 kwa inchi, ni nukta milioni 230 hivi, na faili yake kabla ya kubanwa inakaribia megabaiti 700. Swichi ya skuli, hata siku ikiamka vizuri, inapitisha megabiti 100 kwa sekunde, yaani kanga moja kwa dakika. Sasa kengele imelia na wanafunzi 30 wamebofya kusevu kwa pamoja. Hiyo ni nusu saa ya kutazama kiduara kinazunguka, na adhuhuri ishaadhiniwa. Ghuba ya hapa nayo ikipwa, ngalawa zinakaa mchangani na hapana anayezigombeza. Lakini mvuvi anaijua saa ya maji kujaa. Draivu Z haina kalenda, kwa hiyo subira yake ni ya daraja la juu zaidi. Na sisi tuliokaa bila umeme wa kutoka bara tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, kiduara tukinunie kwa lipi?

Pia ni mhariri. Windows kwa kawaida haitaki njia ya faili ivuke herufi 260, pamoja na folda zote zilizotangulia. Na kila mwalimu aliyepita pale ameacha folda ndani ya folda: mwaka, muhula, kidato, klabu, mradi, “mpya”, “mpya kabisa”. Mtoto akija na “lebo ya sabuni ya mwani ya mwisho iliyosahihishwa na Maalim 2”, anakataliwa mpaka apunguze maneno. Wako waandishi wa magazeti wangefaa kupelekwa pale kwa muhula mmoja. Alama ya kuuliza nayo haipokelewi katika jina la faili. Ofisi zenye tabia hiyo nazijua nyingi, ila hazitamki wazi namna hii.

Ufundi wake mkubwa, hata hivyo, umejificha, na hapa msomaji asogee karibu. Programu nyingi za usanifu haziandiki juu ya faili ya zamani. Huandika kwanza faili ya muda, yenye jina la ovyo linaloishia tmp. Ikikamilika, huiondoa ya zamani, kisha huipa mpya jina la marehemu. Sasa msimamizi wa seva, kwa nia njema kabisa, aliwapa wanafunzi ruhusa ya kuandika akawanyima ya kufuta, kwa kuwa zamani kuna aliyefuta folda ya mitihani. Basi programu inaandika vizuri, inafika kwenye kufuta, inaambiwa huna ruhusa, inakata tamaa. Kanga ya jana ipo palepale. Ya leo ipo pembeni, imevaa jina la tmp, na mwenyewe analia kwamba imepotea. Haikupotea, wallahi! Fungua folda ya darasa uone zilivyojipanga, kazi za muhula mzima, salama salimini, hapana anayezijua zake.

Udugu nao inaujenga. Faili iliyofunguliwa na mtu mwingine hujifunga kwa wengine, basi inabidi atafutwe darasa kwa darasa. “Dada, lebo yetu umeifungua wewe?” “Mimi? Kamuulize Maalim.” Maalim keshapanda gari kwenda mjini, na faili kaiacha wazi.

Adobe wenyewe, wenye Photoshop, wamekuwa wakishauri kwamba kazi ifanyiwe kwenye diski ya ndani ya kompyuta, ikiisha ndipo inakiliwe kwenye mtandao. Fundi aliyeletwa kutoka mjini alisema hayohayo, akaongeza kwamba wanafunzi wakipewa ruhusa kamili ndani ya folda yao peke yake, na folda ya mitihani ikahamishwa, ugomvi umekwisha. Hakusikilizwa, na vyema. Kazi ya nyumbani isipoletwa, mtoto atasingizia nini? Mkaguzi akiuliza ziko wapi kazi za wanafunzi, Maalim atamjibu nini? Na flashi za pale dukani atazinunua nani?

Fundi aliambiwa aweke ushauri wake kwa maandishi. Akaweka, kurasa mbili, ndani ya folda ya uongozi. Ni ile tmp ya tatu kutoka juu.