Sifa za Gereji Isiyotosha

Mjini hapa kila kitu kimeshapata msifiaji. Inasifiwa bahari, inasifiwa harusi, inasifiwa hata barabara ambayo haijachimbwa. Gereji ya nyumbani, ile ya mita 3 kwa 6 iliyojengwa kwa ajili ya gari dogo na sasa imebeba karakana nzima ya seremala, haina wa kuisemea. Nimejitolea. Najua wapo watakaosema ni kero: unaingia kwa ubavu, unatoka kinyumenyume, na ukiinama kuokota skrubu mgongo unawasha kompresa. Yote hayo ni kweli, na ndiyo hasa sifa ninazokusudia kuzieleza.

Nianze na gari, maana ndilo lenye malalamiko mengi. Ni kweli gereji ilijengwa kwa jina lake. Lakini msumeno wa meza ulipoingia, gari liliombwa lisogee kidogo. Ilipokuja mashine ya kuranda, likaombwa tena. Kompresa inawasili, gari limeshahamia chini ya mwembe, ambako linapokea utomvu, kinyesi cha kunguru na jua la Januari la Dar es Salaam. Watu wananiambia hiyo ni dhuluma. Dhuluma gani? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gari lilikaa mle ndani miaka na miaka bila kushika hata patasi. Gereji haikumfukuza mtu. Ilimpa nafasi anayefanya kazi.

Sifa ya pili ni kufundisha hesabu. Mtu ambaye hajawahi kuchana mbao hudhani mashine inachukua nafasi ya umbo lake basi. Karatasi ya plaiwudi ina futi 4 kwa 8. Ukitaka kuichana kwa urefu unahitaji futi 8 mbele ya msumeno pa kuanzia, futi 8 nyingine nyuma yake pa kupokelea, na bado mwenyewe hujapata pa kusimama. Gereji ya mita 6 haifiki futi 20, na ndani ya hizo kuna kabati, kuna pipa, kuna ngazi ambayo hakuna anayekumbuka aliyeileta. Hesabu inakataa katakata mpaka mlango ufunguliwe. Ukishafunguliwa, plaiwudi inachungulia nje kidogokidogo huku ikitoa mlio, na anayepita uani na ndoo anaipisha kwa heshima.

Sasa tazama faida yake. Mwenye karakana kubwa anachana mbao peke yake, kajifungia, hajulikani kama anafanya kazi au amelala. Wa gereji finyu kazi yake inatoka hadharani nusu nzima. Na kwa kuwa karatasi ikipita katikati huanza kuning'inia, lazima aite: "Jirani, samahani, hebu nishikie hapo mwisho." Jirani anakuja, anashika, anauliza hiki ni kitanda au kabati, anatoa ushauri ambao hakuombwa, anabaki kwa chai. Mwenye nafasi ya kutosha huwa ananunua stendi yenye rola ya kupokelea mbao. Rola hainywi chai wala haina habari za mtaa.

Halafu kuna adabu ya vimo. Katika chumba kikubwa kila meza ina kimo inachokitaka. Katika gereji yangu hakuna uhuru huo. Meza ya msumeno ndiyo mkubwa wa nyumba; meza ya kazi imewekwa nyuma yake ikiwa chini milimita mbili tatu tu, ili ubao ukitoka kwenye msumeno uteleze juu yake bila kujikwaa ukingoni. Meza hiyohiyo ndiyo ya kugundia, ya kupakia vanishi, na mchana wa Jumamosi ya kulia wali. Chini yake, mvunguni, ndimo zinamolala mashine ya kuranda na nyingine zote zenye magurudumu. Waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakuwa wameona mashine ya kilo 40, lakini walijua walichokuwa wanasema. Magurudumu yawe na breki, tafadhali. Mashine inayotembea huku kisu kinazunguka haisifiki hata katika makala ya namna hii.

Ukutani nako kumejaa. Pale nasifu kwa dhati, bila mzaha. Unachukua ubao mmoja, unauchana katikati kwa urefu, msumeno ukiwa umelazwa nyuzi 45. Nusu moja unaipigilia ukutani, ncha kali ikitazama juu. Nusu ya pili unaipigilia mgongoni mwa kikabati, ncha ikitazama chini. Kikabati unakipachika tu, uzito wake wenyewe unakikaza ukutani, na kesho ukitaka kukihamisha unakinyanyua bila bisibisi. Ukuta mzima wa mbao za aina hiyo unabeba misumeno, klampu, patasi, makopo ya gundi. Aliyebuni ujanja huo hakika alikuwa amekosa pa kukanyaga.

Wanaobeza gereji finyu hutaja muda unaopotea. Hebu tuone unavyopotea. Unataka kuranda ubao mmoja wa mninga. Mashine ya kuranda iko mvunguni, mbele yake kuna drili ya kusimama. Kusogeza drili lazima kwanza utoe ngazi. Ngazi imeegemea baiskeli ya mtoto, na mpini wa baiskeli umejikunja kwenye waya wa taa. Unatoa baiskeli nje, unatoa ngazi, unasukuma drili, unavuta mashine, unafunga breki, unatafuta soketi. Soketi iko nyuma ya kabati ambalo drili imeliegemea sasa hivi. Hapo unasimama, unautazama ule ubao wa mninga, unapitisha kiganja juu yake, na unagundua kwamba kumbe umenyooka vizuri tu. Unahitaji msasa. Ni mashine gani nyingine ya kuranda yenye hekima kiasi hicho? Stuli ngapi mbovu hazikuzaliwa kwa sababu fundi alichoka kabla hajaanza?

Kwa wanaotaka ushahidi wa kihistoria, upo. Mwaka 1896, huko Detroit, Henry Ford alikuwa akiunda gari lake la kwanza ndani ya kibanda cha matofali nyuma ya nyumba aliyopanga mtaa wa Bagley. Usiku wa kuamkia Juni 4 kazi ikakamilika. Mashine iko tayari, magurudumu manne ya aina ya baiskeli, injini ya silinda mbili, na mlango ni mwembamba kuliko gari. Ford akachukua shoka, akavunja matofali ya mlangoni, akatoka. Wanahistoria wa biashara husimulia kisa hicho kama mzaha wa kando kisha wanakimbilia viwanda vyake. Mimi nasema pale mlangoni ndipo penye uzito wote. Mtu aliyekuwa tayari kuubomoa ukuta wa nyumba ya kupanga, usiku, kwa ajili ya kitu alichokiunda mwenyewe, huyo huna haja ya kumuuliza kama ana nia. Mngempa banda pana lenye mlango wa mita nne, angetoka taratibu kama abiria.

William Hewlett na David Packard nao walianzia gereji ya futi 12 kwa 18 mjini Palo Alto, California, na kampuni yao ikazaliwa rasmi mwaka 1939. Mashine yao ya kutoboa ilikuwa mtumba. Packard na mkewe walipanga vyumba katika nyumba ya mbele. Hewlett alilala kwenye kibanda cha uani. Mwaka 1987 jimbo la California liliifanya gereji ile kuwa alama ya kihistoria. Yangu bado haijapewa hadhi hiyo, ingawa kuna vitu ndani yake ambavyo kwa umri vinastahili.

Mafundi wa Keko, ambao samani zao zimejaa katika nyumba za mji huu, hawahitaji sifa hizi. Wengi wao kazi inafanyika nje, ubao unaweza kuwa mrefu kadiri unavyotaka, na mvua ndiyo msimamizi wao. Nasemea sisi wa nyumbani, wenye ajira za mchana na mbao za jioni, ambao adui yetu mkubwa si nafasi bali bei poa. Kontena la mashine za mtumba kutoka Ulaya likifunguliwa, akili hutoka. Chuma cha kusubu, kimepakwa kijani, kinauzwa bei ya kutupa! Rafiki yangu wa Tabata alinunua moja, msumeno wa utepe wa zaidi ya kilo 300. Vijana wakaiviringisha juu ya mabomba ya chuma mpaka getini, ikagoma. Wakaivua meza, ikagoma. Wakavua mlango wa juu, gurudumu na mota, ikaingia vipandevipande, ikaungwa ndani. Baada ya hapo ndipo waligundua kuwa mota inataka umeme wa njia tatu, na nyumba ina njia moja ya volti 230 kama nyumba nyingi za mtaa ule. Leo mashine ile inaning'iniza majaketi. Haitoki, na yeye hainunui nyingine, maana hakuna pa kuiweka. Nani mwingine amewahi kumzuia mwanamume wa Tabata kununua mashine? Mkewe alijaribu miaka kumi. Gereji ilimaliza kesi kwa mlango mmoja.

Kuna jambo moja ambalo hata mimi, mpiga debe wa gereji hizi, siwezi kulipamba. Vumbi la mbao. Katika chumba kidogo halina pa kwenda. Linakaa hewani muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na lile jembamba usiloliona ndilo linalofika mbali kifuani. IARC, shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 1995. Mafundi wanaokereza mpingo wanaijua mikwaruzo yake kooni na muwasho wake mikononi. Kwa hiyo barakoa ya kweli, si kitambaa cha kufungia chapati, mlango wazi, na kazi ya vumbi jingi ifanyike mlangoni, feni ikisukuma nje. Nimemaliza, narudi kwenye sifa.

Sifa iliyobaki ni ukweli. Nyumba ina sebule inayodanganya wageni na chumba cha kulala kinachowadanganya wenyewe. Gereji finyu haina uongo. Fungua mlango wake utaona kila mradi ulioanzishwa na kuachwa: kiti cha miguu mitatu kinachosubiri wa nne, mbao za kitanda cha mtoto ambaye sasa yuko kidato cha pili, mlango ulionakshiwa nusu kwa mtindo wa Unguja kabla hamu haijaisha. Katika karakana kubwa vitu hivyo vingepelekwa pembeni vikasahaulika. Hapa vinakugusa goti kila unapopita. Ama uvimalize ama uvigawe. Padogo pako si pakubwa pa mwenzako, wamesema wazee, na padogo pako pakikubana kiasi hiki utapajua kila sentimita kwa jina, mengine majina yasiyoandikika gazetini.

Kwa hiyo wewe ambaye ramani ya nyumba bado iko mezani, fundi ramani akikuuliza gereji iwe na ukubwa gani, mwambie mita 3 kwa 6, asiongeze hata tofali. Fedha utakazookoa nunulia msumeno.