Barua Kutoka Ughaibuni: Kwa Nini Mgeni Hufika Shinyanga Akiwa Hoi

Safari ya kurudi Shinyanga au Geita kutoka ng'ambo huwa na ndege tatu kwa wengi, na hakuna hata moja inayomfikisha mtu nyumbani. Ya kwanza humtoa Toronto au London na kumshusha Doha, Dubai, Istanbul, Amsterdam au Addis Ababa. Ya pili humfikisha Dar es Salaam, ya tatu Mwanza, na hapo ndipo barabara inapoanza. Waliobaki nyumbani huihesabu safari hii kwa saa za angani tu, ndiyo maana humshangaa mtu aliyeketi siku nzima akiletewa chakula mapajani, kisha anashuka akiburuta miguu kama aliyetoka kuvuna pamba. Haki itendeke: angani ndiko kunakochosha kidogo kuliko kote. Kinachommaliza msafiri ni pale safari moja inapokoma na nyingine haijaanza.

Tabu huanzia kwenye saa. Tiketi huandikwa kwa saa 24, na siku mpya huanza usiku wa manane. Ndege ya 01:30 Jumamosi huondoka saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi, kwa hiyo anayefika uwanjani Jumamosi jioni, mabegi yamefungwa kamba na manukato yamepulizwa, huwa ameachwa kwa zaidi ya nusu siku. Nyumbani kosa hilo hugeuka. Dereva akitumiwa ujumbe kwamba ndege inatua Mwanza 7:00, huelewa saa saba mchana, naye hujisifu kwa kuwahi saa sita na nusu. Mgeni amekalia begi lake nje ya uwanja tangu saa moja asubuhi. Kuandika "saa moja asubuhi" kwa maneno hakugharimu kitu, lakini bado kunasahaulika.

Kisha kuna mzigo. Mashirika mengi humpa abiria wa daraja la kawaida begi moja la kilo 23, mengine mawili. Ukoo hautambui kikomo hicho. Kutoka Shinyanga huagizwa simu, dawa za kuchua magoti ya bibi, na viatu ambavyo saizi yake ni unyayo uliochorwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, ukapigwa picha na kutumwa WhatsApp. Geita ina ombi lake la pekee: detekta ya kusakia dhahabu. Mjomba mwenye duara la kuchimbia dhahabu Rwamgasa au Nyarugusu huitaja kwa jina na modeli, maana ameshaiona kwa jirani.

Detekta ni fimbo ndefu, sahani ya mviringo yenye waya, na kisanduku cha umeme. Ikipita kwenye eksirei, picha yake haifanani na zawadi ya mjomba. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mabegi yanayoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu zikishika moto huko hakuna wa kuzizima upesi. Sharti zibebwe mkononi. Basi fimbo huenda chini, betri hubaki juu, na kila uwanja wa kubadilishia ndege msafiri hujikuta akieleza kwamba hiki ni chombo cha kugundua vyuma, huku amesimama ndani ya chombo kingine cha kugundua vyuma. Afisa naye huuliza dhahabu yenyewe iko wapi.

Kwenye mizani begi husoma kilo 26. Hufunguliwa pale pale sakafuni, mbele ya foleni nzima, na nguo za ndani huona watu. Njia ya kukwepa malipo ya ziada inajulikana: kizito kivaliwe. Ndipo unapomwona mtu anayekwenda Shinyanga mwezi wa Oktoba, mvua haijanyesha na ardhi inatoa mvuke wa joto, amevaa makoti mawili na buti za theluji. Watu wa Kahama na Bulyanhulu wanajua mzigo uliofungwa unavyoweza kuzua mjadala, maana mwaka 2017 makontena 277 ya makinikia, mchanga wenye madini kutoka migodi ya kwao, yalizuiwa bandarini Dar es Salaam, tume ikaundwa kuyachunguza, na nchi nzima ikabishana kuhusu kilichomo. Begi la msafiri nalo litachunguzwa hivyo hivyo likifika, ila mwenyekiti wa tume atakuwa shangazi.

Ndani ya ndege mwili una mambo yake. Hewa hushindiliwa, lakini haifikishwi kwenye kiwango cha ardhini. Abiria huwa kama mtu aliye kwenye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400. Kwa maneno mengine, hushinda na kulala Njombe bila kuona hata kiazi kimoja. Unyevu wa hewa hiyo mara nyingi huwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo koo hukauka, midomo hupasuka na macho huwasha. Kukaa muda mrefu huifanya damu na maji kutuama miguuni, na miguu huvimba. Aliyevua buti zake baada ya chakula cha kwanza hugundua kabla ya kutua kwamba haziingii tena. Kunywa maji na kutembea kwenye ujia husaidia, kama jirani wa kiti cha pembeni si mtu wa kulala usingizi wa pono.

Uwanja wa katikati ndio unaovunja mgongo. Viti vina mikono ya chuma katikati, vimetengenezwa makusudi mtu asijinyooshe. Taa hazizimwi, na chupa ya maji huuzwa kwa bei inayomfanya msafiri apige hesabu ya shilingi kisha airudishe rafuni. Anayekaa zaidi ya saa 12 Addis Ababa au Nairobi akumbuke pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Tanzania huidai kwa waliopitia nchi zenye ugonjwa huo kwa muda huo.

Dar es Salaam mgeni hutua Jengo la Tatu la Uwanja wa Julius Nyerere, lililoanza kazi mwaka 2019. Hapa foleni hugawanya ukoo. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mzaliwa wa Shinyanga aliyechukua pasipoti ya Marekani hupanga mstari wa wageni pamoja na wanaokwenda kuona simba Serengeti, na kwa kawaida hulipa viza ya dola 100. Akimsalimia afisa kwa Kisukuma huenda akajibiwa vizuri sana. Dola 100 zitabaki pale pale. Mbele yake kuna katazo la mifuko ya plastiki, linalotekelezwa tangu tarehe 1 Juni 2019. Zawadi zilizopangwa kwa majina, kila moja ndani ya mfuko wake wa dukani, hutolewa mifukoni na kuchanganyika palepale, na hapo ndipo suruali ya shemeji inapogeuka kuwa ya baba mkwe.

Ndege za ndani huondokea Jengo la Pili. Si mbali, lakini kwa mtu mwenye mabegi mawili, makoti mawili na buti zisizofungika ni mbali vya kutosha. Kama tiketi ya ndani ilinunuliwa peke yake, mzigo hupimwa upya, na begi la pili lililovuka bahari bure huenda likalipiwa kwa kilo. Wachache humalizia kwa basi kutoka Mbezi, kwa njia ya Dodoma, Singida, Nzega na Tinde, karibu kilomita 1,000 hadi Shinyanga. Hao wasiulizwe kitu kabla ya kesho yake.

Kutoka Mwanza, mtu wa Shinyanga hushuka kusini kupitia Misungwi. Wa Geita alikuwa na kizingiti chake cha pekee: kivuko cha Kigongo–Busisi, ambako aliyekwishavuka bahari angeweza kusubiri hata saa mbili ili avuke ghuba ya Ziwa Victoria. Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, lilizinduliwa tarehe 19 Juni 2025, na sasa gari huvuka kwa dakika chache. Mkoa wa Geita una uwanja wa ndege Chato, unaowafaa wa upande huo. Mgodi mkubwa wa Geita nao una kiwanja chake cha ndege, lakini ni kwa shughuli za mgodi. Mwenyeji wa Kalangalala, Geita mjini, hupita barabarani.

Nyumbani hakuna kulala. Wazee wameshaketi, kuku ameshachinjwa, na salamu za Kisukuma hazikatizwi njiani. Mgeni hula ugali akiwa ameinamisha kichwa kwa kile kinachodhaniwa kuwa heshima. Saa ya ndani ya mwili hurekebika kwa takriban saa moja kila siku, na aliyesafiri kuelekea mashariki huchelewa zaidi kuzoea. Toronto iko nyuma ya Tanzania kwa saa saba au nane kutegemea majira, kwa hiyo mgeni wa huko huhitaji kama wiki nzima: saa nane usiku yuko jikoni anafunua masufuria, saa nane mchana anasinzia wakati mzee anamweleza mgogoro wa ng'ombe. Asifungiwe kwenye chumba chenye giza. Atolewe juani, maana mwanga ndio unaoirekebisha saa hiyo. Mfanyabiashara wa Kahama anayetoka Guangzhou ana tofauti ya saa tano, tena kuelekea magharibi, naye huzoea mapema. Wa London ana saa mbili au tatu tu. Huyo akilala mchana wiki nzima, ndege isisingiziwe. Aulizwe mama yake, atasema alikuwa hivyo hivyo tangu shule ya msingi.