Mwongozo wa Mgeni Anayekuja Lalago Kupima Akili za Watu

Karibu Lalago, mheshimiwa mpimaji. Uko Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu, nchi ya pamba na ng'ombe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja mwenyeji apimwe. Unayo bahasha iliyofungwa, saa ya kuhesabia dakika, na imani kwamba hadi jioni utakuwa umeshajua nani ana akili na nani hana. Ili kazi yako isiharibike, zingatia yafuatayo.

Kwanza, usipite kwenye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, wakati wa mauzo ya pamba. Utamkuta binti wa darasa la sita kasimama nyuma ya baba yake, macho kwenye mizani. Kilo 43, bei shilingi 1,150. Karani bado anabonyeza kikokotoo, binti keshanong'ona: 49,450. Hapo hapo anatoa deni la dawa ya wadudu na kumwambia baba kinachobaki. Shuleni, binti huyo huyo ana 11 kati ya 50 kwenye hisabati. Ukishaliona hilo, utaanza kujiuliza maswali, na wewe umekuja kuuliza, hukuja kujiuliza.

Pili, chagua lugha vizuri. Hapa mtoto huamka na Kisukuma, hufundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote hugeuka Kiingereza. Basi swali lako la mantiki liandike kwa Kiingereza cha mawakili, sentensi moja mistari mitatu. Atakayekwama kwenye neno la pili, mwandikie "uwezo mdogo wa kufikiri". Usimruhusu kujibu kwa Kisukuma. Anaweza akapata.

Tatu, epuka vitu anavyovijua. Pembetatu zinazozunguka ni salama. Mitishamba ni hatari. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Robert Sternberg na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 85 wa Usenge, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya. Waliwauliza kuhusu dawa za asili: hii inatibu nini, hutumiwaje? Waliozijua zaidi ndio walioelekea kupata alama ndogo kwenye vipimo vya mambo ya shule. Hawakuwa wajinga. Saa anazotumia mtoto kujifunza mizizi kwa bibi yake ni saa ambazo hakushika daftari. Waya nao usiubebe: mwaka 1979 mwanasaikolojia mwingine, Robert Serpell, alilinganisha watoto wa Lusaka na wa Manchester. Kwa kalamu na karatasi, wa Manchester waliongoza. Kwa kuunda vitu vya waya, wa Lusaka wakawapita.

Nne, na hii ndiyo kanuni kuu: usimwelekeze mtu kabla ya mtihani. Sternberg na wenzake walilivunja sharti hili Bagamoyo, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2002. Waliwapa watoto wa miaka 11 hadi 13 vipimo vya kupanga vitu katika makundi, vya hoja za mantiki, na ule mchezo wa kutambua kitu kwa maswali 20. Kisha wakawafundisha mbinu za maswali ya aina hiyo, kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena. Alama zikapanda. Baya zaidi kwa wapimaji, mpangilio ukavurugika: wa nyuma hakubaki nyuma, wa mbele hakubaki mbele. Duru ya kwanza ilikuwa imepima zaidi nani amezoea maswali ya namna ile. Wewe fungua bahasha, washa saa, nyamaza.

Tano, penda maswali ya kuchagua jibu, A hadi E. Humpa hata aliyefumba macho nafasi 1 kati ya 5, na mashine husahihisha bila kuuliza jibu limetoka wapi. Mwaka 2012 serikali yenyewe ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliofaulu kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Alama walikuwa nazo.

Sita, jihadhari na kijana atakayeng'ara kwenye karatasi yako ilhali ripoti yake ya shule imejaa F. Usimfuate mwalimu wake. Atakuambia kwamba msimu wa kupalilia hayupo, msimu wa kuvuna hayupo, na kwao taa ya kusomea hakuna. Alama za darasani hupima pia mahudhurio, uvumilivu na hali ya nyumbani. Karatasi yako ya dakika 60 haiyaoni hayo, na ukiyaona wewe utalazimika kuyaandika.

Saba, mstari wa kufaulu uchore kwa mkono usiotetemeka, wala usikumbushe watu yaliyopita. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yaliwapa daraja sifuri takriban asilimia 60 ya watahiniwa. Mei 2013 serikali ikayafuta, ikaagiza yapangwe upya. Majibu yalikuwa yale yale, hakuna aliyerudi darasani hata siku moja, lakini wapo waliopanda daraja.

Mwisho, historia ya kazi yako usiisome. Alfred Binet alitunga kipimo chake Paris mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wanaohitaji msaada, si kuwatupa. Carl Brigham, aliyeongoza utungaji wa SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, mwaka 1926, alikana hadharani mwaka 1930 mahitimisho yake mwenyewe kuhusu akili za mbari na mataifa.

Sasa neno kwa mzazi, mwalimu na mwajiri, mgeni akiwa ameshapanda basi. Alama ile inaeleza mtu alivyoifanya karatasi ile, siku ile, kwa lugha ile. Isomeni pamoja na ripoti za miaka mitatu na maelezo ya mwalimu anayemjua. Na kabla ya mtihani wowote wa mchujo, daini maswali ya mfano na muda wa kuyazoea. Bagamoyo haikuhitaji hata saa moja.